Saa ya Nani?

Mtoto wa kike alizaliwa katika zahanati moja mjini Kakamega, saa nane za usiku wa kuamkia Jumanne. Karani wa zamu akamsajili papo hapo. Kulipokucha, kadi ikatoka ikiwa na tarehe ya Jumatatu.

"Mwanangu, huyu amezaliwa Jumanne," nyanya wa mtoto akasema.

"Kukhu, tarehe hii imeandikwa na tarakilishi, si mimi," karani akajibu kwa heshima.

Tarakilishi haikudanganya, ilijibu swali jingine. Hifadhidata ikiulizwa wakati wa sasa kwa amri kama NOW(), aghalabu hujibu kwa majira iliyowekewa, si kwa majira ya mahali alipo muulizaji. Seva nyingi huwekewa majira ya kimataifa ya UTC, ambayo Kenya imeyatangulia kwa saa tatu. Mchana tofauti hiyo hujificha, maana tarehe ni ile ile. Lakini tangu saa sita hadi saa tisa za usiku, mashine ingali katika siku ambayo Kakamega imekwisha kuiaga.

Lugha yenyewe ilikuwa upande wa nyanya. Kiswahili huhesabu saa tangu macheo na machweo, na kwa desturi ya pwani siku mpya huingia jua linapotua. Usiku wa Jumanne ndio unaoitangulia Jumanne yenyewe. Ofisi nazo hubadili tarehe saa sita za usiku. Kwa hesabu zote mbili, mtoto alikuwa wa Jumanne. Mashine peke yake ndiyo iliyokuwa ugenini.

Karani alitaka kulipuuza jambo hilo. Kisha akamkumbuka babaye, aliyezaliwa msimu wa kupanda mahindi, ilhali kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari, kwa kuwa aliyeandika hakungoja maelezo ya mama mzazi. Akaifungua sajili. Kila mtoto aliyezaliwa baina ya saa sita na saa tisa za usiku alikuwa amerudishwa siku moja nyuma.

Tiba ilikuwa fupi: wakati uendelee kuhifadhiwa kwa UTC, lakini kila tarehe inapotolewa, hifadhidata iamriwe kuugeuza kwa majira ya Africa/Nairobi. Kadi zikachapishwa upya.

"Sasa ni Jumanne," nyanya akasema, akaifunga kadi katika pindo la leso yake.