Yaliyoonekana Bila Kutafutwa

Nilipoanza kazi ya maabara Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hadubini yetu ilikuwa na kioo cha kunasia mwanga. Umeme ukikatika tuliisogeza dirishani, tukakigeuza kioo hadi kikashika jua, foleni ikaendelea. Mawingu yakitanda, wagonjwa walisubiri.

Wengi walikuja kupima malaria, wakaondoka wakihadithiana “plasi” zao, yaani alama za wingi wa vimelea. Kwangu utamu wa kazi ulikuwa kwenye tone bichi, lisilotiwa rangi. Mrina asali ametoka misitu ya Urambo na homa isiyosikia klorokwini. Unaweka damu yake kwenye slaidi, unafunika, unatazama. Mdudu humwoni kwanza. Unaona chembe nyekundu zikitikisika mahali pamoja, zikisukumwa, kisha anajitokeza mwembamba, akijipindapinda: malale. Hapo daktari huchota maji ya uti wa mgongo, nasi tunayazungusha kwenye mashine, tunatafuta vimelea na kuhesabu chembe nyeupe. Zikizidi 5 kwa mikrolita moja, ugonjwa umehesabiwa kuwa umeshaingia kwenye ubongo, na dawa iliyokuwapo ni melasoprol, yenye aseniki ndani yake. Hesabu ile hukuifanya huku ukipiga soga.

Mara nyingine slaidi ya malaria ilituonyesha nyuzi zilizojiviringa katikati ya chembe. Homa ya papasi! Huo ndio ugonjwa hasa wa njia ya zamani ya misafara, iliyopita hapa Tabora. Misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ililala kambi zilezile miaka nenda miaka rudi, na papasi walikaa kwenye nyufa za vibanda wakingoja wageni. Mwingereza Joseph Dutton, aliyewachunguza huko Kongo, alifia Kasongo mwaka 1905 kwa homa hiyohiyo.

Baadaye zikaja taa za LED, kisha kipimo cha haraka: tone moja, dakika chache, mistari miwili. Kimeokoa wengi vijijini na sina ugomvi nacho. Ila kinajibu swali moja tu, kama kuna malaria au hakuna. Malale na papasi hakivijui. Siku hizi kuna hata simu zinazofungwa juu ya hadubini zikapiga picha, na programu ikahesabu vimelea. Ni jambo jema, mradi hadubini yenyewe ipo na haijafungiwa kabatini.

Waganga wafawidhi wa Urambo na Kaliua, nawaomba: mgonjwa akiwa na homa na kipimo kikasema hana malaria, msimrudishe nyumbani na panadoli. Itazameni damu yake.