Mashine ya Ahadi Chache

Katika mwaka 1996 kampuni ya Intel ilitoa chipu zilizoitwa 440FX, ambazo kazi yake ilikuwa kuunganisha viungo vya kompyuta: ubongo, kumbukumbu, diski, na nafasi za kuchomekea kadi. Kompyuta zilizojengwa juu ya chipu hizo zilikwisha kutupwa jaani zamani. Hata hivyo sura yake haikufa. Mwaka 2019, yaani miaka 23 baadaye, mtu aliyeendesha programu ya QEMU kwa ajili ya jamii ya chipu za x86, ambayo ni jamii ya kompyuta nyingi za mezani na za kukodi, asitaje anataka mashine ya namna gani, alipewa kompyuta ile ile ya 1996 pamoja na mahali pake pa kutia disketi, ingawa huenda yeye mwenyewe hakupata kushika disketi maishani mwake.

QEMU ni programu huria. Maandishi yake yako wazi, na kila apendaye aweza kuyasoma, kuyanakili na kuyarekebisha. Ilianzishwa mwaka 2003 na Mfaransa Fabrice Bellard, na kazi yake ni kuiga. Huchukua kompyuta moja ya kweli, yenye chuma na waya, ikafanya ndani yake kompyuta nyingine isiyo na chuma wala waya. Na mfumo unaokaa ndani ya hiyo ya pili hufanya kazi zake kama kwamba umo katika chuma. Watu wa kazi hii huiita kompyuta ya kweli mwenyeji, na mfumo ulio ndani ya ile ya kuigwa huuita mgeni. Yamkini majina hayo waliyatwaa bila ya kuyafikiri sana. Yakisemwa kwa Kiswahili lakini yanapata uzito, kwa kuwa kwetu mwenyeji na mgeni wana haki baina yao, na jambo ambalo mwenyeji amekwisha kumzoesha mgeni wake hawezi kuliondoa pasipo lawama.

Swali lililowashughulisha watunzaji wa QEMU katika mwaka huo wa 2019 lilikuwa hili: je, iongezwe mashine mpya, ndogo mno, isiyofanana na kompyuta yoyote iliyopata kuuzwa dukani? Mhandisi mmoja aliipendekeza, nayo ikaitwa microvm. Aliyelisikia swali hilo kwa mbali angedhani ni dogo, la mafundi peke yao. Kwa hakika lilikuwa swali la kama nyumba ya zamani, yenye wageni wengi na desturi nyingi, yaweza kujenga chumba ambamo desturi hizo hazifuatwi, na ibaki nyumba ile ile.

Usidhani, msomaji, kuwa ukubwa wa QEMU ulitokana na uzembe. Kila kifaa kilichomo kiliingia kwa sababu palikuwa na mgeni aliyekihitaji. Mfumo ulioandikwa zamani hutafuta vifaa vya zamani, na usipoviona hufa kabla ya kuamka. Mtu mwenye hesabu za miaka 20 iliyopita, zilizofungwa katika programu isiyokubali kompyuta za leo, ana njia chache mno za kuzifikia ila kuifufua kompyuta ya wakati ule. Kwa upande huu QEMU imefanya kazi inayokaribia kazi ya maktaba, na maktaba haisifiwi kwa wepesi wake.

Walakini kitu kilichohifadhiwa kwa ajili ya mgeni mmoja huweza kuwa mlango kwa mgeni mwingine. Mwezi wa Mei 2015 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la VENOM, yaani sumu ya nyoka. Ilikuwamo katika sehemu ya QEMU inayoiga kidhibiti cha disketi, na ilikuwamo tangu mwaka 2004. Mgeni mwenye nia mbaya aliweza kukijaza chombo cha kupokelea amri hata kikafurika, na kwa mafuriko hayo akapata nafasi ya kutoka katika kompyuta ya kuigwa na kuingia katika ile ya kweli, ambamo wamo wageni wa watu wengine na mali zao. Wale walioagiza mashine zao zisiwe na disketi hawakusalimika, maana kidhibiti kilikuwamo hata mahali ambapo disketi haikutakiwa. Kwa muda wa miaka 11 mlango huo ulikaa wazi kwa ajili ya kifaa ambacho karibu watu wote walikuwa wamekiacha.

Hatari hiyo ingekuwa ndogo kama kila mtu angekaa na kompyuta yake. Desturi ya siku hizi lakini ni kukodi, na katika chuma kimoja hukaa wapangaji wasiojuana. Tena upangaji wenyewe umekuwa mfupi ajabu. Tangu mwaka 2014 kampuni ya Amazon imekuwa ikiuza huduma iitwayo Lambda: mteja huleta kipande cha programu, kikaendeshwa kwa muda mfupi, pengine chini ya sekunde moja, naye akatozwa kwa muda huo tu. Mgeni wa namna hii hafiki siku mbili, seuze siku ya tatu ya kupewa jembe. Kumfungulia nyumba nzima ya mwaka 1996, ajulishwe chumba baada ya chumba, ni taabu inayouzidi ugeni wenyewe.

Kwa sababu hizo baadhi ya watu waliona heri kuhama. Mwezi wa Novemba 2018 Amazon ilitangaza Firecracker, programu iliyoanzia katika maandishi ya Google yaliyotungwa kwa ajili ya Chrome OS, kwa lugha ya Rust, na yenye vifaa vya kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Walisema mgeni wao huanza kazi kwa milisekunde 125 au chini yake, na kwamba mzigo anaouzidisha katika kumbukumbu ya mwenyeji haufiki megabaiti 5. Maandishi ya Firecracker yalikuwa kiasi cha mistari elfu 50. Ya QEMU yalizidi mistari milioni 1 na laki 4. Intel nayo katika mwaka huo huo iliichukua QEMU yenyewe ikaipogoa matawi, ikaiita NEMU. Mti huo haukudumu.

Basi pendekezo la microvm lilifika wakati wenye nguvu walikuwa wamekwisha kutoka mlangoni. Mashine iliyopendekezwa haikuwa na PCI, ile njia ambayo mgeni, anapoamka, hupita nafasi moja moja akiuliza ni nani aliyepo. Wala haikuwa na ACPI, lile daftari ambalo mashine hujieleza kwalo. Mahali pake mgeni alipewa kikaratasi: katika mstari wa amri zinazokiamsha kiini cha mfumo, QEMU iliandika kuwa kifaa fulani kiko anwani fulani. Vifaa vyenyewe havikuzidi vinane, na vyote vilikuwa vya jamii ya virtio, ambavyo haviigi chuma chochote, bali ni mapatano ya wazi baina ya mgeni na mwenyeji. Saa ya zamani, kipima muda cha zamani na mlango wa mawasiliano wa zamani vilibaki, lakini mwenye mashine aliweza kuviondoa. Disketi haikuwamo kabisa.

Waliosita hawakuwa wapumbavu. Walikuwako waliosema kuwa, kama QEMU ni nzito, dawa ni kuipunguza uzito mashine iliyopo, mathalani ile iitwayo q35, inayoiga chipu za mwaka 2007, badala ya kuwaongezea watunzaji mashine nyingine ya kulea. Muda mwingi wa kuamka, walisema, hupotea katika programu ya kuamshia na katika kiini cha mgeni. Ukiyarekebisha hayo, kuitupa PCI kutakupa faida ndogo, nawe utakuwa umetupa kitu kizuri. Hoja hii ilikuwa na kweli ndani yake, na aliyeipuuza alikosea. Nyingine ilikuwa kali zaidi. Leo, ilisema, mashine hii haina kitu, na kwa hiyo ni nyepesi. Kesho mtu ataomba namna ya kuizima vizuri. Keshokutwa mwingine ataomba kuongeza kifaa wakati inaendesha. Na kila ombi litakuwa la haki. Mwisho wake mtakuwa mmeivumbua PCI mara ya pili, mbaya kuliko ya kwanza.

Kuhusu mashine isiyofanana na chuma chochote, jibu lilikuwa jepesi. QEMU ilikuwa nayo moja tayari kwa chipu za ARM, iitwayo virt, ambayo haikupata kuwa chuma popote, na hapana aliyeilalamikia. Kuiga kitu ambacho hakijawahi kuwako si dhambi katika kazi hii.

Jambo lililostahili uzito kuliko hesabu ya milisekunde lilikuwa jambo la ahadi. Mashine za PC katika QEMU zina majina yenye tarakimu za toleo. Mgeni aliyeamshwa katika pc-i440fx-4.1, kwa mfano, aweza kuhamishwa akiwa macho, katikati ya kazi yake, hadi kompyuta nyingine yenye QEMU mpya zaidi, na huko anapaswa kukuta kila kitu kama alivyokiacha. Asigundue kuwa amehama. Ili hilo liwezekane, kila badiliko linalofanywa katika mashine hiyo hana budi mwandishi wake kulificha kwa wageni wa matoleo yaliyotangulia. Yaani anayeitengeneza PC hutengeneza akiwa chini ya kiapo, na viapo vyenyewe huongezeka kila toleo. Kumwambia mtu aiharakishe q35 badala ya kuanza upya ni kumwambia akimbie amebeba wageni wote wa jana mgongoni.

Microvm ilikuja na maneno machache ya kukataa. Haikukubali kuongezewa kifaa wakati inaendesha. Haikuahidi kumhamisha mgeni aliye macho kutoka toleo moja la QEMU hadi jingine. Watu wengi walitazama vifaa vilivyopunguzwa wakadhani hapo ndipo penye wepesi wake. Lakini vifaa huweza kurudishwa, ilhali ahadi ikisha tolewa haitoki tena. Kwa kukosa ahadi, chumba hicho kiliweza kuvunjwa na kujengwa upya bila ya mtu kudhulumiwa. Tena kiliwapa watunzaji kitu ambacho hawakuwa nacho, nacho ni kipimo: mgeni yule yule, juu ya mwenyeji yule yule, akiamshwa katika mashine tupu, huonyesha ni uzito gani unaotoka katika kuiga mambo ya kale na ni upi unaotoka katika QEMU yenyewe au katika mgeni. Kabla ya hapo mlaumu na mlaumiwa wote walikuwa wakikisia.

Palikuwa na faida nyingine isiyosemwa sana. Ili mashine mpya ipate kukaa, ilibidi maandishi ya PC yakatwe sehemu mbili, yaani yale ya x86 kwa jumla na yale ya PC hasa. Miaka mingi mambo hayo mawili yalikaa pamoja hata yakafanana, kama nguo za ndugu wawili katika sanduku moja. Anayejua kusoma programu ataona kuwa kazi hiyo ya kupambanua ingefaa hata kama microvm ingekataliwa. Ila hapana mtu angeifanya kwa ajili yake yenyewe. Watu hawapangi sanduku mpaka wapate safari.

Pendekezo lilisahihishwa mara nyingi, likakubaliwa, na microvm ikatoka katika toleo la 4.2, mwezi wa Desemba 2019. Lakini wale waliosita walikuwa wameona mbali, na dalili yake ilionekana mahali pa aibu kidogo. Mashine isiyo na ACPI haina njia ya kawaida ambayo mgeni aweza kusema kazi yake imekwisha, izimwe. Firecracker ilikutana na shida hiyo hiyo. Wenyewe, waliokwisha kutupa karibu kila kitu, walibakiza kidhibiti cha kibodi pasipo kibodi, kwa kazi moja tu ya kumwezesha mgeni kuizima mashine. Katika microvm shauri lililotolewa lilikuwa la kustaajabisha zaidi. Mgeni anayetaka kuondoka atende kosa, na katika kulishughulikia kosa hilo atende la pili, na katika la pili la tatu, hata ubongo wa mashine ukate tamaa na kutaka kuanza upya. Na QEMU, iliyokwisha kuambiwa isikubali kuanza upya, itafahamu na kuifunga mashine kwa adabu.

Njia hiyo ilifanya kazi, na katika mashine inayoishi sekunde moja pengine haikumkera mtu. Ni vigumu lakini kuisifu nyumba ambayo mgeni hawezi kuaga ila kwa kujiangusha mlangoni. Toleo la 5.2, la Desemba 2020, liliiletea microvm ACPI, na PCI pia kwa yule atakayeiomba. Ahadi ya kumhamisha mgeni toka toleo hata toleo haikutolewa. Mgeni naye, baada ya mwaka mmoja, aliweza kuomba azimwe, akazimwa.