Mwaka wa Kakamega Homeboyz, Uwanjani na Nje ya Uwanja

Wasomaji wetu waliozoea kukuta katika ukurasa huu habari za ndoa, mirathi na malezi huenda wakastaajabu leo kutukuta tukizungumzia mpira wa miguu, tena mpira wa bara. Tunawaomba watuvumilie kidogo. Nyumba nyingi za mwambao zina kijana ambaye mamake humwita kula naye yuko uwanjani, na baadhi ya vijana hao hawachezi tena kwa kujifurahisha, wanatafuta riziki. Jambo likishakuwa la riziki limekwisha kuingia ndani ya nyumba, na mama ana haki ya kulielewa. Sisi wenyewe tulisomeshwa katika chuo ambamo mpira wa matambara na kamba ulifichwa chini ya mkeka, Maalim akijua na kujifanya hajui, kwa hiyo hatuuzungumzii mchezo huu kwa chuki.

Timu tunayotaka kuieleza ni Kakamega Homeboyz, na mwaka wenyewe ni ule msimu ulioanza Septemba 2021 ukamalizika Juni 2022.

Kakamega si ugenini kwetu kama wengine wanavyodhani. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Mumias, mji ambao leo umo katika Kaunti ya Kakamega, na pamoja na shanga na nguo iliacha huko dini. Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga aliyefariki mwaka 1949, alisilimu, na watu wengi wa nyumba yake wakamfuata. Mtu wa kwetu anayeteremka kwenye basi Kakamega, baada ya usiku mzima njiani, akiona miwa na kijani kibichi kila upande na mvua ya alasiri ikimsubiri, atapata msikiti wa kuswalia na mtu wa kumuuliza khabari za Mombasa.

Watu wa huko mpira wameurithi. AFC Leopards, iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya United, ni timu ya nyoyo zao hata kama makao yake ni Nairobi, na wavulana wa shule ya upili ya Kakamega, wale wanaoitwa Green Commandos, wametoa wachezaji wa taifa kizazi baada ya kizazi. Uwanja wao wa Bukhungu ulipokea mechi za Kombe la CECAFA mwezi Desemba 2017. Mbele ya ukoo huo Homeboyz ni mtoto mdogo, aliyelelewa na mfanyabiashara Cleophas Shimanyula, ambaye kila mtu humwita Toto. Hadi leo kulitaja jina la timu ni kumtaja yeye.

Mtoto huyo aliwahi kupata aibu kubwa. Mwezi Februari 2020 Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, liliwafungia wachezaji wanne kwa njama za kupanga matokeo ya mechi za Homeboyz katika ligi ya Kenya. Mmoja alifungiwa maisha, watatu miaka 4. Hatuwataji majina, walikwisha adhibiwa, na wana mama zao. Lakini tunataka msomaji asiyeufuata mpira aelewe maana ya kosa lenyewe. Kupanga matokeo ni mchezaji kulipwa na watu wa kamari ili timu yake ifungwe, au ifungwe kwa idadi fulani ya magoli, huku wenzake kumi wakitoka jasho bila ya kujua, na watu waliolipa kiingilio wakishangilia kitu ambacho kimekwisha kuuzwa. Mwizi wa kuku huiba kuku, na mwenye kuku hupiga kelele. Huyu huiba jasho la ndugu zake mchana kweupe, kisha hurudi nao katika basi moja.

Basi timu iliyotoka katika shimo hilo, miaka miwili baadaye, nusura iwe bingwa wa Kenya.

Msimu ule walikuwa chini ya Bernard Mwalala, jina ambalo watu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa, kwani ndiye aliyeifundisha Bandari ilipolitwaa kombe la ngao mwaka 2019 na kwenda kuiwakilisha Kenya barani Afrika. Ligi ilikuwa na timu 18, kila moja ikicheza mechi 34. Homeboyz hawakuwa na majina makubwa wala mashabiki wa kujaza viwanja vya Nairobi, walakini walikaa juu ya msimamo wa ligi kwa muda mrefu wa msimu, wiki baada ya wiki, mpaka magazeti yaliyoanza kwa kuwacheka yakaacha kucheka. Ndani ya msimu huo, mwezi Aprili 2022, ikaingia Ramadhani. Mechi za ligi yetu huchezwa mchana, na mchezaji Mwislamu wa klabu yoyote alipaswa kuamua baina yake na Mola wake namna ya kuubeba mwezi ule pamoja na kazi ile. Tunawajua vijana waliofunga na kucheza. Tunawajua pia ambao hawakuweza, wakalipa baadaye, na hatuoni haja ya mtu kuwasema.

Siku ya mwisho ilipomalizika, Homeboyz walikuwa na pointi 63. Tusker nao walikuwa na pointi 63. Kwa wasiojua hesabu ya mpira: timu mbili zikilingana kwa pointi, hutazamwa magoli ambayo kila moja imefunga, yakapunguzwa yale iliyofungwa, na yenye salio kubwa ndiyo bingwa. Kikombe kikaenda kwa Tusker. Mechi 34, miezi 9, na tofauti ikawa magoli tu. Na tusijizuie kusema, kwa kuwa huu ni ukurasa wa familia za Kiislamu: kikombe kilikwenda kwa klabu yenye jina la pombe. Wachezaji wake walifanya kazi yao kwa haki na hatuwapunguzii chochote, lakini mtoto wa miaka saba anapoimba jina hilo sebuleni, mzazi humsikia.

Hayo ndiyo ya uwanjani. Ya nje ya uwanja yalikuwa mazito zaidi, na ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Mwezi Novemba 2021, msimu ukiwa mchanga, Waziri wa Michezo wa wakati huo, Bi. Amina Mohamed, aliuvunja uongozi wa Shirikisho la Kandanda la Kenya, FKF, kufuatia tuhuma za matumizi mabaya ya fedha, akaunda kamati ya muda chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Ligi ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. FIFA, ambayo haikubali serikali kuingia katika uendeshaji wa mpira, ikaifungia Kenya mwishoni mwa Februari 2022. Nani alikuwa na haki katika ugomvi ule, sisi hatukukaa kitako kuuhukumu. Fedha za umma zikidhaniwa kuliwa, ni wajibu wa mwenye mamlaka kuuliza. Na anayeulizwa naye ana haki ya kusikilizwa. Tunachokitazama ni waliolipa. Marufuku ile iliondolewa mwishoni mwa Novemba 2022, baada ya serikali mpya kuingia na uongozi wa FKF kurudishwa, lakini wakati huo mashindano ya Afrika yalikuwa yamekwisha anza bila ya klabu yoyote ya Kenya. Timu iliyomaliza ya pili kwa tofauti ya magoli nayo ilibaki nyumbani. Hakuna mchezaji hata mmoja wa Bukhungu aliyekuwa na sauti katika ofisi zile za Nairobi.

Tena kulikuwa na jambo la fedha. Kwa miaka mingi ligi ya Kenya imeishi kwa mikono ya kampuni za kamari. SportPesa ilijiondoa mwaka 2019 ilipokosana na serikali. BetKing ikaingia mwaka 2020 kwa mkataba uliotangazwa wa miaka 5 na shilingi bilioni 1.2, mwaka uliofuata mkataba ukavunjika. Basi msimu tunaousimulia ulianza klabu zikiwa hazina mdhamini huyo, na katika klabu isiyo na mdhamini wa kwanza kuumia ni kijana aliyetoka mbali, aliyepanga chumba, ambaye kila mwezi hutuma nyumbani chochote anachopata. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituusia kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Katika mpira wetu jasho hukauka, likalowa tena, likakauka mara ya pili.

Ni katika hali hiyo mama mmoja wa mtaani kwetu alipotuletea suali. Mwanawe wa miaka 19, fundi wa mguu wa kushoto, alikuwa ameitwa na klabu moja ya bara. Baba wa kijana hakutaka. Mjomba alitaka sana, na tulihisi kwamba mjomba amekwisha zihesabu fedha. Mama akasema, "Maalim, mimi sitaki kuambiwa mpira ni upuuzi, hilo nimelisikia tangu yuko darasa la tatu. Nataka kujua pato lake litakuwa halali nikalile, au nimwambie asiniletee."

Suali hilo lilikuwa zito kuliko ya waume wengi waliowahi kukaa katika baraza yetu, na hatukulijibu siku ile. Tulipolijibu, tulimwambia kwamba kucheza mpira kwa ujira ni kazi kama kazi nyingine: mtu anauza nguvu na ujuzi wake, na mwili kuwa na afya ni neema. Kinachoichafua ni yanayoizunguka. Jina la kamari kifuani si jambo jepesi, maana ni kumtangazia mtoto wa jirani lile ambalo Mwenyezi Mungu ametukataza. Tukamweleza habari za Frédéric Kanouté, mchezaji wa Mali, ambaye mwaka 2006 akiwa Sevilla ya Hispania alikataa kuvaa jina la kampuni ya kamari, akapewa jezi isiyo na maandishi kwa muda, na mwaka uliofuata akatoa fedha zake kulinunua jengo ambalo Waislamu wa mji ule walilitumia kuwa msikiti, lisije likauzwa likawapotea. Mama alisikiliza, kisha akasema, "Huyo ni Kanouté. Mwanangu akikataa jezi ataambiwa apande basi arudi." Hapo tulinyamaza, kwa kuwa alisema kweli. Mchezaji mkubwa ana mlango wa kukataa ambao mdogo hana, na mwenye kuwapa vijana nasaha bila ya kuliona hilo huwa anawapa mzigo tu.

Hata hivyo si kila mlango umefungwa. Tulimwambia ahakikishe mkataba umeandikwa, mshahara umetajwa kwa tarakimu na tarehe, na nakala imebaki mkononi mwake mama, si kwa mjomba. Aulize klabu inalipwa na nani, maana kaunti, kiwanda na mtu binafsi ni tofauti na kamari, na zipo timu zisizobeba jina hilo. Mwenye nafasi ya kuchagua na achague. Na zaidi ya yote akae na mwanawe, peke yao wawili, amweleze habari za wale wanne wa 2020. Asimtishe. Amwambie tu kwamba atakuja mtu mzuri, mwenye maneno mazuri na simu nzuri, mwezi ambao mshahara umechelewa, na amwambie mapema mtu huyo atasema nini. Kwa maoni yetu hilo lina uzito kuliko urefu wa kaptura, ambao ndio baba wa kijana alikuwa ameushikilia, ingawa la sitara nalo lina hukumu yake na kijana anaweza kuvaa nguo ya ndani ya kuyafunika mapaja bila ya mwamuzi kumkataza.

Homeboyz wenyewe hawakufia pale. Mwaka 2023, Mwalala akiwa amekwisha ondoka na timu ikiwa mikononi mwa Patrick Odhiambo, walilitwaa Kombe la FKF na safari hii hapakuwa na marufuku. Walikutana na Al Hilal ya Benghazi, Libya, katika Kombe la Shirikisho la Afrika, wakatolewa. Kombe walilolitwaa, wakati ule, lilikuwa likiitwa kwa jina la kampuni ya kamari.

Mama yule alimruhusu mwanawe. Kabla ya kijana kuondoka alirudi kwetu na suali la mwisho, ambalo halikuwa na fiqhi ndani yake: Ramadhani ikifika, kule bara, nani atamwamsha daku? Tulimpa nambari ya simu ya imamu wa msikiti wa mji ule, naye mkewe ndiye aliyepokea.