Theluji ya Seoul na Adabu ya Kuisema

Mtu aliyezaliwa katika nchi za joto akienda Korea Kusini kwa masomo au kwa kazi, jambo moja la kumstaajabisha ni baridi ya huko. Katika mji wa Seoul, theluji huanza kuonekana mwezi wa Novemba, na yaweza kuendelea hata Machi. Novemba ya mwaka 2024 ilianguka mjini humo theluji ambayo mfano wake haukuonekana katika mwezi huo tangu hesabu zilipoanza kuandikwa mwaka 1907. Siku kama hizo, sokoni na njiani, watu huzungumza habari ya theluji, na mwanafunzi wa lugha hupata mlango mwepesi wa kusema na wenyeji. Lakini hapana budi aingie kwa adabu.

Jina la theluji kwa Kikorea ni nun, na neno hilo hilo ndilo jina la jicho. Kwa matamshi ya zamani, nun ya theluji huvutwa sauti, na nun ya jicho hukatwa. Lakini vijana wengi wa leo hawatofautishi tena, na maana hujulikana kwa mazungumzo yenyewe. Ndiyo sababu nunmul, yaani "maji ya nun", huwa ni machozi, na pia huwa ni maji ya theluji iliyoyeyuka.

Wakorea husema kwamba theluji "yaja", kama sisi tusemavyo kuwa mvua yaja. Na hapa ndipo penye somo. Kwa mtoto, au rafiki wa rika lako, utasema: nun-i wa. Kwa jirani, mwenye duka, mtu usiyemjua au mzee, utasema: nun-i wayo. Katika mkutano, au katika kutangaza khabari, husemwa: nun-i omnida. Maneno yote matatu maana yake ni "theluji yaja". Theluji ni ile ile, haikuzidi wala haikupungua. Kilichobadilika ni heshima ya yule anayeambiwa. Basi mwenye kumwambia mzee nun-i wa amesema kweli, lakini amemvunjia heshima.

Tena iko heshima ya pili, nayo ni ya yule anayetajwa. Bibi akija, haitoshi kusema wayo, bali husemwa halmeoni-ga osyeoyo, kwa kuwa ndani ya neno huingizwa kiungo -si- cha kumtukuza. Mwanafunzi anayependa sana adabu huweza kusema nun-i osyeoyo, akidhani amezidisha uzuri, na wenyeji wakatabasamu, kwani ameitukuza theluji kama bibi yake! Heshima nayo ina mahali pake, na kuiweka pasipo pake si kuizidisha.

Majina ya theluji ni mengi. Theluji ya kwanza ya mwaka ni cheonnun, na vijana huingojea kwa furaha. Yenye mapande makubwa laini ni hambangnun. Yenye punje ndogo ngumu ni ssarangnun, nalo limetokana na jina la chenga za mchele. Iliyochanganyika na mvua ni jinnunkkaebi. Na ile inyeshayo usiku watu wakiwa wamelala, wakaamka na kuikuta uani, huitwa dodungnun, yaani "theluji mwizi". Wakulima nao husema kuwa theluji ni blanketi la shayiri, kwa sababu shayiri hupandwa kabla ya baridi, na theluji huifunika isiuliwe na ukali wa hewa.

Lakini mjini theluji ikikanyagwa huganda ikawa barafu, na Seoul ni mji wa vilima. Hata Msikiti Mkuu wa Seoul, uliofunguliwa mwaka 1976, uko juu ya mlima katika mtaa wa Itaewon, na njia ya kuuendea ni ya kupanda. Wazee wengi huanguka na kuvunjika mifupa siku za namna hiyo. Kwa hivyo maneno yafaayo kuliko yote ni haya: gil-i mikkeureowoyo, yaani "njia yateleza", na josimhaseyo, yaani "tafadhali jihadhari". Katika neno hili la pili heshima zote mbili zimekutana, kwani yule anayeambiwa ndiye anayetajwa. Kijana mgeni akimwona mzee asiyemjua ateremka kilima, akamwita harabeoji, yaani babu, akamwambia josimhaseyo na kumpa mkono, amekwisha kujulikana kuwa amelelewa vyema, hata kama maneno yake mengine ni machache.

Na jambo hili si geni kwetu. Katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, kwenye kampasi yake ya Yongin, wako vijana wa Kikorea wanaosoma Kiswahili, nao hufundishwa kuwa mkubwa huamkiwa "shikamoo", na kwamba salamu hiyo haipewi mdogo. Basi enyi vijana wetu mnaotaka kujifunza lugha za watu, msihesabu maneno mliyoyahifadhi tu. Ulizeni pia kila neno laambiwa nani, na nani hafai kuambiwa. Nanyi wazazi, watoto waliozoea nyumbani kumwamkia babu na bibi kwa heshima, mmekwisha kuwapa nusu ya somo hilo kabla hawajapanda ndege.