Karatasi kutoka Kyoto

Kazi yangu hapa Kitale ni ya saiba. Naprinti, natoa kopi, naskani vitambulisho, nawajazia watu fomu za KRA tarehe 30 Juni jioni wakati mtandao umelala na wao wananikasirikia mimi. Ukikaa nyuma ya kaunta kama hiyo miaka minne, utasoma mambo mengi yasiyokuhusu. Barua za mapenzi siku hizi hakuna. Lakini wasia zipo, hati za mashamba zipo, na CV za watu ambao wote, bila kubakisha hata mmoja, ni wachapakazi.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na ng'ombe wa Waturkana.

Kijana mmoja aliingia Januari mwaka jana akisubiri gari la Lodwar. Akanitumia faili kwa WhatsApp, akasema niprinti kurasa zote. Nikaangalia, zilikuwa zaidi ya 60.

"Zote kabisa?"

"Zote. Ni za mzee."

Nilidhani ni kesi ya shamba. Kumbe ilikuwa makala ya mtafiti Mjapani, Itaru Ohta, iliyochapishwa mwaka 1987 katika jarida la Chuo Kikuu cha Kyoto linaloitwa African Study Monographs. Inahusu namna Waturkana wanavyomtambua kila mnyama wao, mmoja mmoja: rangi ya ngozi, madoa, pembe zilivyojikunja, masikio yalivyokatwa, na majina wanayowapa. Printa yangu ni ya zamani na huenda polepole kama mtu anayepanda mlima na gunia, kwa hiyo kila ukurasa ulipotoka niliusoma. Nilikuwa nimezoea kudhani ng'ombe ana rangi tano hivi. Waturkana wana msamiati mzima.

"Nataka mzee akague kama wamekosea mahali," kijana akasema. Nikamfanyia bei ya kopi badala ya bei ya printi.

Usiku huo nilikuwa na bando, na nikaendelea kuchimba. Acha nikuambie nilichokipata, kwa sababu mimi kilinifurahisha. Mwanzilishi wa shule hiyo ya utafiti Kyoto ni Junichiro Itani, aliyezaliwa 1926. Kabla ya kuja huku alikuwa mtu wa nyani. Yeye na mwalimu wake Kinji Imanishi, pamoja na wenzao, walikaa na nyani wa Japani wakiwatazama kwa miaka, na wakawapa kila mmoja jina lake. Wanasayansi wa Magharibi wakati huo waliona huo ni utoto. Mnyama hupewa namba, si jina. Lakini ukishampa jina unaweza kufuata maisha yake: mama yake ni nani, anakaa na nani, nani amemwogopa nani. Ndiyo maana mwaka 1953, katika kisiwa cha Koshima, nyani mmoja mdogo wa kike alipoanza kuosha viazi vitamu kwenye maji kabla ya kula, walijua ni nani hasa: Imo. Wakaona tabia ile ikienda kwa wachezaji wenzake na kwa mama yake. Mimi nimelelewa Bungoma kwa chai na viazi vitamu, na sijawahi kusikia habari njema zaidi kuhusu viazi vitamu.

Itani na Imanishi walikuja Afrika mara ya kwanza mwaka 1958 kutafuta sokwe. Baadaye Itani akawageukia watu, na miongoni mwao Waturkana. Fikiria hapo: mtu aliyechekwa kwa kuwapa nyani majina anafika kwa watu ambao kwao ng'ombe asiye na jina ni ajabu. Sijui walitazamana vipi siku ya kwanza. Mwaka 1981 jarida lile likaanza, na leo unalifungua bure, hata kwa simu yenye kioo kilichopasuka kama yangu.

Kuna watu wangesema, ona sasa, mambo yetu yamehifadhiwa Kyoto na sisi tunayaprinti. Nami nilitaka kukasirika. Nilijaribu. Lakini hasira haikukaa, kwa sababu swali jingine lilikuwa limeshaingia kitandani na mimi: ng'ombe wa kuka wanaitwaje?

Kuka ni babu, kwa Kibukusu. Wangu yuko kijijini, nje kidogo ya mji wa Bungoma, na nimekula mabele ya ng'ombe zake, namaanisha maziwa, tangu niote meno. Nilimjua mmoja kwa jina. Mmoja! Tena yule alikuwa mkali.

Sikufanya kitu. Nililala. Wiki zikapita.

Machi, grupu ya WhatsApp ya familia ikawaka saa kumi na moja alfajiri. Kuka ameanguka bafuni, amevunjika nyonga, yuko hospitalini. Halafu ikaja bili ya amana, halafu kimya kile cha grupu ambapo kila mtu ameona na tiki ni za buluu na hakuna anayeandika. (Nasikia Japani kuna wasomi wanaochunguza tabia za watu kwenye simu. Waje. Nitawapa grupu yetu, watapata shahada tatu.) Mwishowe baba mdogo akaandika: "Tuuze ile nyekundu. Mnunuzi yupo, Jumamosi." Vidole gumba vikafuatana, cha baba yangu kikiwemo.

Ijumaa nikafunga saiba mapema. Matatu ya Kitale kwenda Webuye ilisimama Kiminini, ikasimama Kamukuywa, ikasimama mahali ambapo hapana jina ili kupakia kuku. Webuye nikabadilisha gari. Njia nzima nilikuwa na daftari mapajani, na aibu fulani, kwa sababu nilijua ninachoenda kukifanya: kumuuliza mgonjwa maswali ya Kyoto.

Kuka alikuwa amelala chali, mguu umefungwa uzito, uso mkavu. Nikamsalimia, mulembe kuka. Akaitikia. Nikazunguka zunguka, hali ya hewa, bei ya mahindi. Mwishowe nikasema, "Kuka, nataka unitajie ng'ombe zako. Wote. Hata waliokufa."

Akanitazama muda mrefu.

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Miaka ishirini na tisa ulikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Lakini alianza. Bonasi, aliyenunuliwa kwa pesa za miwa mwaka ambao miwa ililipa. Misheni, kwa sababu mapadri ndio walimuuza. Nyayo, wa miaka ya themanini, huna haja ya kuuliza. Siasa, aliyeleta ugomvi kati yake na jirani uliodumu hadi jirani akafa. Kila jina lilikuwa na mama na watoto, na kila alipofika kwenye tawi alifunga macho kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ndani ya kope. Nesi alikuja na dawa, akaambiwa asubiri Siasa azae.

Kisha akafika kwa nyekundu. Nyekundu si jina, akasema, hiyo ni rangi, ni uvivu wa baba yako. Jina lake ni Sera. Mama yake Sera alikuwa Kamukuywa, na Kamukuywa alikuja na mahari ya senge.

Kalamu ikasimama. Senge ni shangazi yangu, dada ya baba. Mwanawe wa mwisho alitahiriwa Agosti 2024, na kwetu kijana akitahiriwa humtazamia khocha, mjomba wake, ampe ng'ombe. Khocha wake ni baba yangu na baba mdogo. Walikuwa hawajatoa.

"Sera ni wa yule kijana," kuka akasema. "Nilisema siku ndama anazaliwa. Walikuwepo wote. Ng'ombe aliyeletwa na mama yake, mjukuu ataongoza naye boma. Wanamuuza?"

Sikujibu, na hilo likawa jibu. Alifunga macho, na safari hii hakuwa anasoma.

Usiku ule nyumbani kulikuwa na kelele. Baba mdogo aliniambia nimetoka mjini na daftari kuvunja familia. Akauliza kama daftari litalipa hospitali, na kusema kweli hilo lilikuwa swali la haki kuliko yote yaliyoulizwa wiki hiyo. Baba alinyamaza, kisha akasema polepole kwamba anakumbuka. Anakumbuka siku ya ndama. Alikuwa amejisahaulisha.

Mnunuzi alikuja Jumamosi akarudi mikono mitupu, akitukana nauli. Tulichanga. Baba aliuza magunia ya mahindi kabla ya bei kupanda, na hiyo ni hasara ambayo ananikumbusha hadi leo. Mimi nilitoa akiba ya printa mpya. Senge, aliposikia, alituma zaidi yetu sote, na baba mdogo hajamsalimia vizuri tangu hapo, kwa sababu ni vigumu kumsalimia mtu aliyekulipia deni ambalo ulikuwa unamdai yeye bila haki. Sera alipelekwa kwa kijana mwezi wa Mei, kwa miguu, na mimi nikitembea nyuma.

Nilichapa orodha nzima saiba. Wanyama arobaini na mmoja, safu ya jina, mama, rangi, alikotoka, alikokwenda. Kazi ya jioni tatu, na printa ile ile ya kizee. Nimetoa kopi mbili, moja iko kwa kuka, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo na ameisahihisha kwa kalamu nyekundu mahali kumi na moja.

Namba saba bado ni wazi. Ndama wa kwanza wa Misheni, mweupe mwenye doa shingoni, alichukuliwa na mafuriko. Kuka anasema jina liko mdomoni, linamkimbia tu. Amesema likija, atanipigia.