Kufundisha Grafu kwa Watoto Wadogo: Viberiti, Kopo la Mvua na Kishikwambi

Miongoni mwa mada za Hisabati ambazo wanachuo huzichukulia kwa wepesi wakati wa mazoezi ya kufundisha ni takwimu. Aghalabu mwanachuo huchora grafu nzuri ubaoni, huwaagiza watoto wainakili, kisha hupita kati ya madawati akisahihisha. Watoto hutoka na picha safi madaftarini, lakini wakiulizwa grafu hiyo inajibu swali gani, hukaa kimya. Sisi tuliozunguka kukagua mazoezi hayo katika shule za Bukoba na Muleba, tangu Nyanga iliyomo katika Manispaa ya Bukoba mpaka vijiji vya mwambao wa ziwa, tumeiona hali hiyo mara nyingi, na ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya.

Siku hizi limeongezeka jambo jingine. Sensa ya Watu na Makazi iliyoanza tarehe 23 Agosti 2022 ilikuwa ya kwanza nchini kukusanya taarifa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Kazi ilipokwisha, Serikali iliamua vifaa hivyo wapewe walimu, na ugawaji ukaanza mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Hivyo chombo kilichotumika kuhesabu taifa zima sasa kimo mkobani mwa mwalimu wa shule ya msingi. Swali letu ni hili: kitumike namna gani ili mtoto wa Darasa la Pili au la Tatu ajifunze grafu kwelikweli, wala si kugusa kioo tu?

Swali hutangulia grafu

Yafaa tukumbuke kwanza asili ya jambo lenyewe. Grafu ya mihimili ilionekana katika kitabu alichokichapisha Mskoti William Playfair huko London mwaka 1786. Playfair alikuwa na takwimu za biashara ya Uskoti za mwaka mmoja tu. Kwa hiyo hakuweza kuchora mstari wa kupanda na kushuka kwa miaka mingi. Akaziorodhesha nchi zilizofanya biashara na Uskoti, kila moja akaichorea mhimili wake, ili msomaji azilinganishe kwa mtazamo mmoja. Grafu hiyo, basi, ilizaliwa na haja. Alikuwapo mtu mwenye swali, na akatafuta njia ya kulijibu.

Mtoto naye apitishwe njia hiyohiyo. Mwanasaikolojia wa Kimarekani Jerome Bruner alieleza katika miaka ya 1960 kwamba maarifa hushikwa kwa namna tatu: kwa kitendo, kwa picha na kwa alama. Mwalimu anayeanza na picha iliyomo kiooni amekwisha kuiruka hatua ya kwanza, na mtoto mdogo hawezi kuruka naye.

Tuseme swali la darasa ni hili: kati ya ndizi mbivu, parachichi, nanasi na embe, ni tunda gani tunalolipenda zaidi? Mwalimu awe amekusanya viberiti vitupu, kimoja kwa kila mtoto. Matunda yawekwe mezani kwa safu. Kila mtoto aje, aweke kiberiti chake juu ya rundo la tunda alipendalo, kisha arudi kukaa. Watoto wa mwisho wanapofika mezani, grafu imekwisha kusimama mbele ya darasa. Waulizwe: rundo lipi ni refu? Kiberiti hiki ni cha nani? Tukivihesabu vyote, tutapata idadi gani, na kwa nini ni sawa na idadi yetu sisi tuliomo darasani?

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mtoto aliyetambua kwamba kila kiberiti ni mtoto mmoja ameshika msingi wa takwimu yote. Kesho yake viberiti vibadilishwe kwa visoda vilivyopangwa sakafuni juu ya mistari ya chaki. Siku ya tatu visoda vibadilishwe kwa vyumba vilivyopakwa rangi katika daftari la mraba. Hapo mwalimu asisitize mambo mawili: marundo yote yaanzie kwenye mstari mmoja, na alama zote ziwe na ukubwa mmoja. Watoto wengi huchora nanasi kubwa na ndizi ndogo, na kwa sababu hiyo mananasi matatu huonekana kuwa mengi kuliko ndizi tano. Kosa hilo lisahihishwe kwa viberiti, si kwa maneno.

Kazi ya kishikwambi

Baada ya hatua hizo, kishikwambi kina kazi yake, tena kazi njema. Kwanza, hutoa mazoezi mengi bila kumaliza chaki wala karatasi. Pili, humjibu mtoto papo hapo, na akikosea hakosei mbele ya wenzake wote. Tatu, hubadilisha kipimo cha grafu kwa mguso mmoja: mhimili ambao kila chumba kilikuwa mtoto mmoja sasa unakuwa na vyumba vya watoto wawili wawili au watano watano. Kwa ubao kazi hiyo humaliza kipindi kizima.

Hatupaswi kudharau uwezo wa mtoto wa kijijini mbele ya vifaa hivi. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 3,000 wa vijiji vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na wengi wao walikuwa hawajapata kwenda shule. Walijifunza. Kadhalika kipindi cha Ubongo Kids, kilichoanza kurushwa mwaka 2014, kimeonyesha kwamba Hisabati inaweza kufundishwa kwa katuni na nyimbo za Kiswahili. Lakini tusitoe katika mifano hiyo hitimisho lisilomo. Kuhesabu kuna jibu moja, na mashine inaweza kulisahihisha. Kuifasiri grafu ni mazungumzo, na mazungumzo huhitaji mwalimu.

Mtafiti Frances Curcio aliandika mwaka 1987 kwamba usomaji wa grafu una ngazi tatu: kusoma kilichoandikwa, kulinganisha sehemu zake, na kukisia yaliyo nje yake. Tumezipitia programu kadhaa za mazoezi ya grafu, na nyingi hukaa katika ngazi ya kwanza, mara chache huipanda ya pili. Huuliza, “Ndizi ni ngapi?” Mtoto hugusa jibu, na likiwa si sahihi hugusa jingine, mpaka kioo kimpigie makofi. Tumewaona watoto waliopata alama zote kwa njia hiyo bila kuitazama grafu hata mara moja. Ngazi ya tatu ni ya mwalimu: “Kama darasa la jirani nalo likija kuchagua, mnadhani rundo lipi litakuwa refu? Kwa nini?”

Upungufu mwingine ni kwamba programu huleta takwimu zilizokwisha kukusanywa, na mara nyingi ni za ugenini: siku za theluji, au aina za wanyama wanaofugwa ndani ya nyumba. Mwalimu atafute programu inayomruhusu kuingiza takwimu zake mwenyewe. Hata jedwali la kawaida la kompyuta latosha.

Kuhusu uchache wa vifaa, mara nyingi darasa litakuwa na kishikwambi kimoja cha mwalimu na watoto sitini au zaidi. Darasa ligawanywe katika makundi. Kundi moja likae na kishikwambi kwa dakika kumi, mengine yafanye kazi ya visoda, daftari na maswali ya mdomo, kisha yabadilishane. Na mwalimu akichaji kifaa chake siku moja kabla, hatafadhaika umeme ukikatika.

Mvua ya Bukoba

Kwa Darasa la Tatu na kuendelea, sisi tunapendekeza zoezi la mvua. Bukoba ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi nchini, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndio mwezi wake mkuu. Watoto wachukue kopo lenye kuta zilizosimama wima, waliweke mahali pa wazi mbali na miti na michirizi ya paa, na kila asubuhi kwa saa ileile wapime kina cha maji kwa rula, waandike, kisha walimwage. Mwisho wa juma wachore mihimili saba. Siku isiyokuwa na mvua nayo iandikwe, kwa maana sifuri ni takwimu. Mwisho wa mwezi takwimu ziingizwe katika kishikwambi, na darasa litazame umbo la mwezi mzima. Halafu mwalimu awaonyeshe mvua ya Dodoma, ambayo kwa mwaka mzima haifikii hata theluthi moja ya ile ya Bukoba au huikaribia tu, nao waulize wenyewe kwa nini migomba haijazagaa huko kama kwao.

Wakubwa wafundishwe pia kwamba grafu inaweza kudanganya bila kuandika namba ya uongo. Mkoa wa Kagera ulikuwa na watu 2,458,023 katika sensa ya 2012, na 2,989,299 katika ile ya 2022. Mihimili miwili ikianzia sifuri, wa pili unauzidi wa kwanza kwa kiasi kama cha moja ya tano. Ikianzia milioni mbili, wa pili unaonekana kuwa zaidi ya mara mbili ya wa kwanza. Zipo programu zinazochagua mwanzo wa kipimo zenyewe bila kumwuliza mtu. Mtoto afundishwe kutazama mguu wa grafu kabla ya kutazama kichwa chake.

Takwimu ni watu

Tumalizie na jambo ambalo kwetu Kagera ni zito kuliko yote. Mazoezi mengi ya vitabu na ya programu humtaka mtoto ataje idadi ya watu wa nyumbani kwake, anaishi na nani, au alikula nini asubuhi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983, na kwa miaka mingi baadaye hapakuwa na darasa lisilokuwa na yatima. Hata leo wapo watoto wanaolelewa na bibi, na wapo wanaofika shuleni na njaa. Mhimili wa watoto “wasio na baba” si zoezi la Hisabati. Ni kidonda kilichochorwa ubaoni. Mwanachuo, kabla hujaliuliza darasa swali, jiulize wewe: mtoto atakayesimama peke yake katika mhimili wake ataona nini?

Mambo ya maana ya kuhesabu hayakosekani. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000 umeharibu vibanja vingi, na darasa linaweza kuhesabu kila juma migomba yenye dalili katika shamba la shule. Grafu ya juma la nne itawaambia wenyewe kama kukata mashina yaliyougua kumesaidia. Kibanja cha mzazi fulani kisitajwe. Vivyo hivyo majina na picha za watoto zisiachwe kishikwambini bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatuhusu walimu kama inavyowahusu wengine.

Wapo wenzetu wanaosema vishikwambi vinapoteza muda, na wapo wanaosema vitafundisha vyenyewe. Sisi hatukubaliani na upande wowote. Watoto hawa watahesabiwa katika sensa nyingine, na wengine wao ndio watakaokuwa makarani wake. Wakati huo mikoa itapangiwa madarasa, visima na zahanati kwa kufuata mihimili iliyochorwa na watu wa mbali. Anayeweza kuisoma mihimili hiyo ataweza kuihoji. Mwanachuo atakayeondoka chuoni na viberiti vitupu sitini katika mfuko, pamoja na kishikwambi chake, atakuwa na vifaa vya kutosha kuianza kazi hiyo.