Kupanda ni pumzi, kushuka ni mapaja

Najua nimepotea, wiki tatu kimya kabisa. Wengine mkadhani nimekamatwa na supu. Hapana bwana. Nilikuwa nyumbani Lukuledi, na nimerudi na stori moja ambayo naiandika ili mwingine asiirudie.

Mnakumbuka tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, hapa chuo kila mtu kawa mwanariadha. Jamaa na yule Mjerumani, Amanal Petros, wote walipewa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha ndiyo iamue. Na mimi nikajiunga na wale wa alfajiri. Barabara tambarare, kilomita 10, mara 12, mpaka 15. Nikajiona niko fiti.

Likizo ya Krismasi nikaenda Newala kumsalimia bibi mzaa mama. Mliofika Shimo la Mungu mnajua pale uwanda unavyokatika ghafla, chini unaona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Nikamwambia bibi kesho nashuka kule mbio, napanda, nashuka tena. Akacheka. "Mume wangu, kupanda kunamaliza pumzi tu. Kushuka ndiko kunakomaliza mtu." Moyoni nikasema bibi naye, atajua nini habari za mazoezi.

Kumbe anajua kuliko mimi. Juu ya uwanda wa Makonde mvua inanyesha lakini udongo unaimeza yote, chemchemi ziko chini huko kwenye miteremko. Kabla ya mradi wa kusukuma maji wa miaka ya 1950, na vijiji vingine hata baada yake, wanawake walikuwa wanateremka alfajiri na kupanda na mtungi kichwani. Bibi kaifanya kazi hiyo usichana wake wote.

Basi nikashuka mara tatu, jua linawaka, maji nina chupa moja. Kabla ya kutoka nilikuwa nimemeza diklofenaki kama "kinga", mbinu ya jamaa wetu wa alfajiri. Jioni nikameza nyingine. Kesho yake mbili tena, nikapanda gari kurudi Lukuledi.

Siku ya pili ndiyo balaa. Mapaja yamekuwa kama gogo la mninga, kuchuchumaa chooni mpaka nishike ukuta. Wadogo zangu wanacheka, na mimi nacheka. Kilichokata kicheko ni mkojo: ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Mama hakuniuliza mara mbili, tukaenda zahanati. Dokta akachovya kijiti cha kupimia, kikaonyesha damu. Akaangalia kwenye hadubini, hamna chembe nyekundu hata moja. Akaniuliza, "Mwanangu, umefanya kazi gani nzito? Na umekunywa dawa gani?" Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akaniandikia niende Masasi mjini kupima figo. Njia nzima mama hakusema kitu, ameshika tu mkoba wake. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Majibu yalikuwa mazuri, namshukuru Mungu. Dripu, maji mengi, vidonge marufuku. Baada ya siku tatu mkojo ukarudi rangi yake.

Niliporudi chuo nikazama maktaba, na nilichokuta ni hiki. Ukipanda mlima, misuli ya paja inafanya kazi huku inajikunja. Ukishuka, inafanya kazi ya breki huku inavutwa na kurefuka, na hapo ndipo nyuzi zake ndogo zinachanika. Vilivyomo ndani vinavujia kwenye damu, ikiwemo mayoglobini, ile protini nyekundu ya msuli. Ikizidi inashuka kwenye mkojo na inaweza kuziba figo. Kijiti kinaiona kama damu, hadubini haioni chembe. Na lile somo la sekondari kwamba maumivu ya kesho yake ni asidi ya laktiki, futeni. Laktiki inaondoka ndani ya saa moja au mbili hivi. Kinachouma siku ya pili ni michaniko pamoja na mwako wake, ile inflamesheni.

Na mwako wenyewe si adui. Saa za mwanzo zinakuja chembe nyeupe za kufagia uchafu, siku zinazofuata zinakuja nyingine za kusafisha na kusimamia ujenzi. Bente Klarlund Pedersen na wenzake kule Copenhagen walionyesha kwamba msuli unaofanya kazi ndefu unatoa wenyewe interlukini-6. Baada ya marathoni inaweza kupanda hata mara 100, na kisha inaita kemikali nyingine za kuuzima moto. Yaani mwili unawasha na mwili unazima.

Sasa vidonge. Mwaka 2006 David Nieman na wenzake walichapisha utafiti wa wakimbiaji wa Western States, maili 100 kule California. Waliomeza ibuprofeni hawakuumia misuli kidogo kuliko wasiomeza, na dalili za mwako kwenye damu yao zilikuwa juu zaidi. Utafiti mwingine wa 2017, mbio za kilomita 80: waliopewa ibuprofeni, 52 kati ya kila 100 figo zilionyesha kuumia. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 34. Ukiwa umekauka maji, dawa hizi zinapunguza damu inayoingia kwenye figo. Mimi nilikauka, nikachanika, nikameza. Vyote vitatu siku moja.

Na bibi je? Mwili unajifunza. Ukishuka kidogo leo, mteremko wa wiki ijayo hauchani kama wa kwanza, na kinga hiyo inakaa wiki kadhaa. Bibi alianza mtoto, na kindoo kidogo.

Sote tumekuzwa na habari ya John Stephen Akhwari, Mexico 1968, alivyoanguka, akaumia goti, akamaliza wa mwisho amefungwa bandeji. Namheshimu sana mzee wetu. Ila yeye aliyasikia maumivu yake yote. Mimi niliyanyamazisha kwa kidonge kabla hayajasema neno.

Juzi nimewaeleza wenzangu pale kimbweta. Wawili wamecheka, mmoja kaniuliza pembeni habari za mkojo wake. Nimempeleka zahanati ya chuo.

Kesho saa kumi na moja na nusu, getini. Tunaanza na kale kamteremko kadogo, polepole. Anayekuja aje na maji, vidonge aache chumbani.